Majina Kumi na Mawili ya Shimo la Nne

Feni ya wodi ilisimama saa nne kasorobo asubuhi, na kabla Bakiri Namkunda hajageuka kutoka dirishani, dada yake alikuwa ameshashuka kitandani. Hakuanguka. Alishuka kama mtu anayeijua njia, akatambaa kwa viwiko hadi mlangoni, akalaza shavu juu ya saruji, akaweka mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango. Kisha akaanza kuhema.

Wodi ile ya Nakiholo ilikuwa na madirisha sita, yote wazi. Hewa ilikuwa tele, ya bure, inapeperusha mapazia. Hakuna aliyehitaji kuitafuta chini ya mlango. Lakini Somoe hakuwa wodini. Somoe alikuwa kwenye mdomo wa Shimo la Nne, miezi mitano nyuma, asubuhi ile feni kubwa za kupeleka hewa chini zilipozimwa ili umeme wake uendeshe kinu cha kusagia kinywe, yale madini meusi ya penseli.

Ukutani Kioo kiliwaka. Kilikuwa ubao mweusi wa upana wa meza, kinasoma vichwa vya wagonjwa wote waliovishwa kilemba, yaani ule utepe wa nyaya unaozungushwa kwenye paji la uso. Kikaandika: *Mgonjwa 417. Hofu isiyo na chanzo. Daraja la nne.*

Isiyo na chanzo. Bakiri aliyasoma maneno hayo mara mbili. Chanzo kilikuwa mita mia tatu kutoka pale, kimezibwa kwa zege, na juu ya zege Kampuni imepanda maua.

Umeme uliporudi na feni kuanza tena kuzunguka, Somoe alisimama taratibu, akakung'uta khanga yake, akawaomba radhi wote kwa kuwashtua. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mmoja, na mifupa ya mabega yake ilikuwa imetokeza kama vining'inizo vya nguo. Chitete, mchimbaji wa kitanda cha pembeni, alimwambia asijali. Yeye alikuwa amefagiwa kumbukumbu mara mbili, na hakuficha.

"Kichwa changu sasa hivi ni vyumba vitupu, dada," alisema. "Ukipata mpangaji mstaarabu nambie."

Wodi ikacheka. Hata Somoe mdomo ulimcheza. Kisha akakaa mbele ya sinia lake, akashika kijiko, na Bakiri akageuza uso kwa sababu alijua kinachofuata. Dada yake alichota uji kijiko kimoja akauweka ukingoni mwa sinia, akachota kingine akauweka kando yake, hivyo hivyo mpaka mafungu yakafika kumi na mawili na bakuli likawa jeupe. Halafu akaweka kijiko chini, akakunja mikono.

"Na wewe, Somoe?" Bakiri aliuliza, kama alivyouliza jana na juzi.

"Wao kwanza, kaka."

Ilikuwa siku ya nane.

*

Daktari Eliwaza alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini kutoka Upareni, mnyoofu, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja kwa kutembea zamu mbili kila siku. Bakiri alikuwa amejitahidi kumchukia na ikamshinda. Huyu binti ndiye aliyekuwa akimpikia Somoe uji kwa unga wake mwenyewe.

Alimweleza bila kupambapamba. Mwili wa Somoe umeanza kujila. Figo zinachoka. Zimebaki siku tatu, nne akiwa na bahati. Dripu ipo, imekaa ndani ya kabati lile pale, na kabati halifunguki kwa ufunguo wala kwa amri ya daktari. Linafunguka kwa cheti. Na cheti hakikamiliki mpaka ndugu wa damu aweke kidole kwenye namba ya sababu.

Akamsogezea kibao. Sababu zilikuwa nane. Ya kwanza damu, kwamba ukoo una ugonjwa. Ya pili jeraha au homa ya ubongo. Ya tatu malezi ya utotoni. Ya nne vileo. Zikaenda hivyo mpaka ya nane, udhaifu wa nafsi, ambayo wengi waliiwekea kidole kwa kuwa haikuonekana kumtukana mtu mwingine yeyote isipokuwa mgonjwa mwenyewe.

Bakiri aliikumbuka ya tisa. Ilikuwepo. Ilikuwa na maneno mawili tu: mazingira ya kazi. Ilifutwa mwaka wa elfu mbili sabini na sita, kwa waraka wa mistari mitatu uliosema inafutwa ili kurahisisha takwimu. Watu walipokea waraka, wakautundika, wakaendelea na chai. Yeye aliutoa msumarini, akauweka ndani ya msahafu wa marehemu baba yake, na upo hadi leo. Mtu akikuambia jambo halijawahi kuwepo, ni vizuri kuwa na karatasi.

"Nikiweka kidole, unampa dripu," alisema.

"Nampa dripu. Na ufagio."

"Mpe dripu peke yake."

"Mzee Bakiri, kabati halinijui mimi. Linajua cheti, na cheti ni matibabu kamili."

Alijua. Nakiholo nzima ilijua. Kumbukumbu ya mtu, kila inapotolewa na kusimuliwa, hulainika kama udongo uliomwagiwa maji, halafu ikirudi mahali pake hukauka upya. Dawa ya kufagia huzuia kule kukauka. Mgonjwa anachomwa sindano, anaambiwa asimulie kinachomsumbua, anasimulia na kulia, na anapomaliza kusimulia kile kitu kinakuwa kimemong'onyoka. Pale palipobomoka Kioo kinapachika maelezo mepesi, yasiyouma. Anaamka na njaa. Anakula. Analala. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulipinga: dawa ilikuwa inafanya kazi.

Siku ile ya Shimo la Nne watu tisa walikuwa juu, kwenye mdomo wa shimo. Somoe alikuwa mmoja wao, na kazi yake ilikuwa kuita majina. Aliita kumi na mawili, wakaitikia kumi na wawili, wakashuka mbele ya macho yake, na wa mwisho kushuka alikuwa mumewe, Dadi Liponda. Jioni daftari la Kampuni lilisema hakuna aliyeshuka. Lilisema wanaume kumi na wawili walitoroka kazini alfajiri. Wale mashahidi tisa wakaanza kuugua mmoja mmoja, usingizi ukawakimbia, mikono ikawatetemeka, na ndugu zao, kwa mapenzi kabisa, wakawawekea kidole. Wanane walikuwa wamefagiwa. Walikuwa wazima, wananenepa. Ukiwauliza, watakuambia wale kumi na wawili walikuwa watoro.

Tume ya Madini ilikuwa inakuja baada ya siku kumi na tisa. Tume haipokei karatasi wala kiapo. Inapokea kumbukumbu hai tu, iliyosomwa na Kioo kutoka ndani ya kichwa cha aliyeona. Na kichwa hicho kilikuwa kimoja, kimekaa kitandani mbele ya mafungu kumi na mawili ya uji.

"Najua alichobeba," Eliwaza alisema, safari hii taratibu. "Usidhani sijui. Lakini mimi nilisomea kuzuia watu wasife. Hiyo Tume sikuisomea."

"Na ndugu asipopatikana?"

"Asipopatikana, au akiwa naye ni mgonjwa, faili linakwenda mkoani siku thelathini. Kama la Chitete, mkewe alipougua naye. Mgonjwa anabaki na kitanda, dawa hapati." Akamtazama. "Bila kula, Mzee Bakiri, siku thelathini dada yako hana. Una mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo Kioo kitamwandika amekataliwa na ndugu na kumtoa kitandani."

Bakiri alisimama bila kugusa kibao.

"Nikikuuliza wewe," alisema, "sababu ya ugonjwa wake ni ipi?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Ugonjwa ni wa kweli," alijibu. "Sababu ndiyo hawajanipa kisanduku cha kuiandikia."

*

Kuna jambo ambalo Bakiri hakumwambia daktari, wala dada yake, wala mtu yeyote.

Machimboni Nakiholo kuna desturi inayoitwa kujibia. Mchimbaji akifa, jina lake linaendelea kuitwa asubuhi kwenye mdomo wa shimo, na wenzake wanamjibia: yupo. Wanamjibia siku arobaini. Posho yake ya unga inakwenda kwa watoto wake, na, kubwa kuliko unga, jina lake haliingii kwenye safu ya watoro. Siku ya arobaini wanasoma hitima, mpiga majina analiacha jina, basi. Kila mtu anajua mwenzao amekufa. Hakuna anayedanganywa isipokuwa daftari.

Miaka saba nyuma, Kioo kilipokuwa bado kinafundishwa, Wakala wa Utulivu wa Akili ulitafuta watu wa mahali pale wanaojua kusoma ili wakae kwenye chumba chenye kiyoyozi, wasikilize sauti zilizorekodiwa na kutia vema kwenye visanduku. Huyu ana huzuni. Huyu ana hofu. Huyu hana kitu. Bakiri hakuwa na shule ya kujivunia. Alijisomea mwenyewe, kwa vitabu vilivyokosa majalada. Alijiona amefika. Hivyo ndivyo mashine ilivyojifunza dalili zetu: kwa mikono yetu.

Siku moja wakamletea sauti ya mdomo wa shimo. Jina likaitwa, na Bakiri alilijua, alikuwa amemzika mwenye jina hilo Ijumaa iliyopita. Sauti nzito tatu zikaitikia kwa pamoja: yupo. Kwenye karatasi kulikuwa na visanduku viwili tu vilivyokaribia. Kimoja kilisema *anadanganya hesabu*, na kudanganya hesabu kulikuwa miezi sita jela. Cha pili kilisema *anamwona au kumsikia asiyekuwepo*.

Akafikiri sana. Akaona kwamba ugonjwa haumpeleki mtu jela. Mgonjwa huonewa huruma. Akatia vema kwenye cha pili, akafurahi moyoni kwamba amewaokoa, na kwa miezi minne, kila aliposikia mtu akimjibia marehemu, alitia vema pale pale.

Hivyo Kioo kikajua. Nakiholo watu wake wanaona wafu. Ni ukoo, ni damu. Na kuanzia hapo mtu akisema jambo kuhusu wafu wa machimboni, kabla hajamaliza sentensi, ugonjwa wake ulikuwa umeshaandikwa.

*

Alikwenda kwa Bi Esha Liponda, mama yake Dadi, mkwe wa Somoe. Alikuwa wa nne kufagiwa. Siku ile alikuwa amepeleka chakula machimboni. Bakiri alitaka kuona kwa macho yake kile ambacho angemfanyia dada yake.

Alimkuta uani akisonga ugali wa muhogo. Mwanamke aliyekuwa amebaki ngozi alikuwa na mashavu sasa. Alipokea shikamoo yake kwa kicheko, akamvutia kigoda, akamwambia hatoki pale bila kula, kwa kuwa kisamvu kimekolea nazi na jirani zake ni wachoyo wa kusifu. Akamuuliza Somoe anaendeleaje, akasikitika, akasema mkwe wake yule ana moyo mzuri, tatizo lake ni kumng'ang'ania mume aliyemkimbia.

"Yule mtoro," alisema, akigeuza mwiko. "Nilimzaa mimi lakini simtetei. Vijana wa sasa kazi ngumu hawaiwezi."

Alilisema bila uchungu wowote. Alimsema mwanawe kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Bakiri alikumbuka siku Dadi alipombeba mama huyu mgongoni, maji yalipofurika korongo, huku mama anampiga mabega na kumwambia amteremshe, watu wanaona. Nani sasa alikuwa na hiyo siku? Ilikuwa imebaki kwa Bakiri na Somoe.

Bi Esha akapanga sahani mkekani. Yake. Ya Bakiri. Akapanga na ya tatu, akaipakulia ugali, akausawazisha vizuri kwa mwiko, akaweka kisamvu kando. Kisha akaitazama ile sahani, akacheka.

"Unaona? Kila siku. Natoa moja zaidi. Nikiwa peke yangu natoa mbili."

"Ya nani, mama?"

"Sijui. Mkono tu umezoea." Akasugua kifua, chini kidogo ya ziwa la kushoto, kwa kiganja, mzunguko mdogo mdogo. "Na hapa panabana jioni. Kioo kinasema ni gesi."

Bakiri alisukuma sahani yake kando. Walikuwa wamechukua jina, wamechukua siku, wamechukua na sura ya mtoto. Mkono hawakuujua. Kifua hawakukijua. Ugonjwa ulikuwa umebaki pale pale, umenyang'anywa tu mdomo wa kujieleza.

Jua lilikuwa limepita utosini. Alimshukuru, akainuka. Bi Esha akaifunika ile sahani ya tatu kwa kawa, akamnyooshea ampelekee mgonjwa.

Hapo Bakiri alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe wala kulijutia. Alirudisha mikono nyuma.

"Mpelekee mwenyewe, mama," alisema. "Ni mkweo."

*

Saa saba na nusu feni ya wodi ilisimama tena.

Alimkuta Somoe ameshafika mlangoni, shavu sakafuni. Daktari Eliwaza alikuwa amepiga magoti kando yake, amemshika mgongo, anamwambia apumue polepole, hewa ipo. Kioo kilikuwa kimeandika yale yale. Bakiri alilala kifudifudi mbele ya dada yake, uso kwa uso, kama walivyokuwa wakilala wadogo, akataka kumshika mkono.

Ndipo akaliona vumbi.

Upenyoni mwa mlango kulikuwa na utando wa vumbi la kinywe, lile jeusi linalong'aa ambalo Nakiholo halifutiki. Kila Somoe alipohema, vumbi halikuingia ndani. Lilitoka nje. Lilikimbia kutoka mdomoni mwake, likatulia, likakimbia tena.

Hakuwa anatafuta hewa. Alikuwa anapeleka.

"Somoe," alisema, "lile bomba la feni. Ulilipuliza kwa mdomo?"

Macho yake yalimgeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano yalikuwa yanamtazama yeye.

"Walikuwa wanagonga," alijibu. "Nikipuliza, wanagonga. Nikapuliza, kaka. Kichwa kikazunguka nikapuliza. Msimamizi akasema niache upuuzi. Adhuhuri wakagonga kidogo. Halafu mimi nikapumzika. Nilipumzika kidogo tu."

Eliwaza aliondoa mkono mgongoni mwake, akajiziba nao mdomo.

Kwa hiyo huo ndio ulikuwa ugonjwa. Kutokulala: asipumzike tena. Kutokula: wao kwanza. Kuita majina kila asubuhi kitandani na kujijibia mwenyewe kumi na wawili, peke yake, siku mia moja na hamsini, kwa sababu wenzake wa kumsaidia kujibia walikuwa wamefagiwa, na kwa sababu arobaini haianzi kuhesabiwa mpaka maiti izikwe. Mashine ilikuwa imeona dalili zote. Ilizipima hadi daraja. Haikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini.

Na yeye Bakiri, ndugu yake, aliyeizaa ile mashine, naye hakuwahi kuuliza.

Walimrudisha kitandani. Daktari akasema saa nane inakaribia, na sauti yake haikuwa na nguvu. Kibao cha sababu kilikuwa mkononi mwake. Bakiri hakukichukua. Alikwenda kwenye ndoano ya ukutani, akachukua kilemba cha akiba, akajizungushia kwenye paji la uso mpaka kikabana. Kioo kikalia mlio mfupi na kufungua mstari mpya, mtupu.

"Mzee Bakiri, usifanye hivyo. Hicho ni cha wagonjwa."

Alikuwa ameshakaa kitandani mbele ya dada yake. Akavuta sinia lenye mafungu ya uji, yalikuwa yamepoa na kuganda.

"Ita," alimwambia.

Somoe alisita. Kisha mgongo ukamnyooka. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa siku nane bila chakula. Ilikuwa ile ya mdomo wa shimo, ya kushindana na injini.

"Ajanabi Mkwanda."

"Yupo," Bakiri alisema, akala fungu la kwanza.

"Hasani Nakambale."

"Yupo." Fungu la pili.

Kioo kiliandika kila alipofungua mdomo. *Anamwona au kumsikia asiyekuwepo.* Aliyatambua maneno. Vema lilikuwa lake. Jina la tatu, la nne. Alipofika la tano, Chitete akaitika naye kutoka kitanda cha pembeni, halafu akaduwaa, akajishika mdomo, akasema hajui kwa nini. Bakiri aliendelea. Uji ulikuwa na ladha ya bati. La tisa, la kumi, la kumi na moja. Machozi yalikuwa yanamtoka Somoe bila uso kujikunja, kama maji yanayovuja kwenye mtungi.

"Dadi Liponda."

Bakiri akafungua mdomo. Kabla hajasema, sauti ikatoka mlangoni.

"Yupo."

Bi Esha alikuwa amesimama pale, sahani yenye kawa mikononi. Alionekana kushtuka kuliko wote. Akawatazama mmoja mmoja, akauliza amesema nini, huyo aliyeitwa ni nani. Kiganja chake kilikwenda chini ya ziwa la kushoto, sahani ikainama, ugali ukaanguka, na yule mama akakaa chini pale pale kwenye kizingiti akaanza kulia kilio cha msiba, kirefu, cha kuita, bila kujua anamlilia nani. Bakiri ndiye aliyemleta. Alikuwa mzima asubuhi ile. Alikuwa na mashavu.

Somoe alishuka kitandani, akamwendea mkwewe, akamkalia karibu. Ugali ulikuwa umemwagika juu ya kawa. Akamega tonge, akalitazama muda mrefu. Wote walikuwa wamejibiwa, na aliyewajibia hakuwa yeye.

Akalitia mdomoni.

*

Saa nane kamili Kioo kiliomba kidole cha ndugu wa mgonjwa 417. Daktari Eliwaza aliandika kwamba ndugu, Bakiri, ni mgonjwa 431. Kioo kikaomba kidole cha ndugu wa mgonjwa 431. Akaandika kwamba ndugu ni mgonjwa 417. Kioo kikafikiri kwa dakika nzima, kisha kikapeleka mafaili yote mawili mkoani.

"Siku thelathini," daktari alisema. "Mafaili yakirudi watawafagia nyote wawili. Na pengine Bi Esha mara ya pili. Umeelewa?"

"Tume ni siku kumi na tisa."

"Mpaka hapo atakula kwa mdomo tu. Akigoma siku moja, sina cha kumpa."

"Hatagoma akiwa na wa kumjibia."

Eliwaza alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo daktari haruhusiwi. Akasema angeweza kukivua kile kilemba sasa hivi na kuandika kwamba ni hitilafu ya kifaa. Bakiri akamwambia asithubutu. Kisha, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumwambia mtu, alimwambia kuhusu chumba chenye kiyoyozi na vile visanduku viwili. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfariji. Alitoa kalamu mfukoni, akageuza cheti upande wa nyuma, mahali ambapo mashine haisomi, na kuandika kwa mkono: *tisa*. Akatia saini yake chini, akamkabidhi. Bakiri aliikunja karatasi ile akijua itakwenda kukaa na nini ndani ya msahafu.

Usiku alilala kitanda cha nne, upande wa pili wa Somoe. Hakuota kitu. Lakini alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufumbua mdomo, alisikia kitu kama chuma kikigongwa juu ya bomba, mbali, chini, mara tatu na kunyamaza. Akainuka kitako. Feni ilikuwa inazunguka. Wengine wote walikuwa wamelala. Alisubiri kisikike tena, akitokwa jasho, na hakuweza kusema kama anaomba kisikike au kisisikike. Ukutani mstari wake ulikuwa umepanda kutoka daraja la kwanza hadi la pili.

Kulipopambazuka, Somoe alikaa mbele ya uji. Aliita majina yake kumi na mawili, Bakiri akajibia, na Chitete akadakia machache bila kujua anadakia nini. Dada yake alikula vijiko vitano. Halafu hakuweka kijiko chini. Alimtazama kaka yake, kilemba kikimbana paji la uso, ndevu zimeota, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na akanyoosha mgongo kama afanyavyo kwa wale tu wanaokwenda kushuka.

"Bakiri Namkunda," aliita.

Bakiri naye akanyoosha mgongo.

"Nipo," alisema.

"Ukifagiwa," Somoe alimwambia, "nitakujibia." Na akarudi kwenye uji wake.